Mti wa Dzaleka ni wa nani?

AFISA WA MISITU: Sheria ipo, msitu ndio hakuna. Tangu 1997 Sheria ya Misitu ya Malawi inakataza kuchoma au kuuza mkaa wa miti ya asili bila leseni. Mwaka 2020 Bunge likapandisha adhabu na kutuongezea nguvu sisi maofisa. Na bado kila alfajiri baiskeli zilizopakiwa magunia hadi kumzidi mwendeshaji kimo zinapita Mponela, zikifuata barabara ya M1 kwenda Lilongwe. Wanaotaka sheria ilegezwe waniambie kwanza ilitekelezwa lini. Mimi naomba nyongeza moja: yeyote atakayekutwa na mkaa, awe barabarani, sokoni au ghalani, yeye ndiye athibitishe ulikotoka. Akishindwa, mkaa uchukuliwe, naye ashtakiwe.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Basi wa kwanza kushtakiwa ni miye. Nauza makala, ndiyo huo mkaa, kwa mafungu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na mwenzangu wa pembeni anauza, na wa mbele yake. Baiskeli inaletwa na Mmalawi, nanunua gunia, nagawa. Risiti hanipi, na hata angetaka kunipa, angeandika nini? Bwana Afisa, mgao wa shirika la chakula la WFP umekatwa, ukakatwa tena; kinachobaki ni cha unga na mafuta. Cha kuivishia huo unga najitafutia mwenyewe. Shamba sina. Kufanya kazi mjini siruhusiwi. Ukichukua gunia langu hujaokoa mti, maana mti ulishalala. Utakuwa umezima mbaula, majiko ya majirani wanaonunua kwangu, na kesho baiskeli itapeleka gunia kwa mwingine.

MKULIMA WA MPONELA: Amayi, nakusikia, nawe utusikie. Kambi ilipofunguliwa 1994, palepale palipokuwa gereza la Rais Kamuzu Banda, hesabu ilikuwa ya watu elfu kumi na kitu. Leo mmepita 50,000. Hakuna aliyekuja kijijini kutuuliza vilima vya Dowa vinaweza kulisha mafiga mangapi. Nilipokuwa mvulana, mvua za kwanza zikinyesha, mama zetu walikwenda msituni kuokota bowa, uyoga wa kila aina, na msimu wa matunda ya masuku tulikula bure hadi tumbo likauma. Sasa masuku nayanunua kando ya barabara, yametoka mbali. Wanangu hawajui uyoga upi unaliwa na upi unaua, kwa sababu hawajapata pa kujifunzia. Ninyi mnazungumza vifungu. Mimi nazungumzia kitu ambacho hakirudi kwa kupanda mikaratusi.

AFISA WA MISITU: Mzee, hapo usiruke mabanda ya tumbaku. Dowa na Kasungu ni nchi ya tumbaku. Nguzo za mabanda zilikatwa wapi? Na kuni za tumbaku inayokaushwa kwa moto? Na za matofali ya kuchoma? Miaka mingi kabla Mkongo hajafika Dzaleka, vilima vilikuwa vimeanza kuisha.

MKULIMA WA MPONELA: Sikatai. Lakini tumbaku ndiyo iliyoiletea nchi hii fedha za kigeni, na kila serikali ilitusifu kwa kuilima. Tulikata miti tukipigiwa makofi. Leo makofi yamekwisha, na bili inaletwa kwangu.

WAKILI WA LILONGWE: Inaletwa kwako na kwa mama huyu, kwa pamoja, na ndiyo maana mnagombana. Wote hapa wanaongea kana kwamba mafiga ya Dzaleka yaliota yenyewe. Yaliletwa na sheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilitangaza kwamba haitafungwa kikamilifu na baadhi ya vifungu, vikiwemo vya kutembea, ajira na mali. Sheria ya Wakimbizi ikafuata 1989. Kisha 2023 serikali ikaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na polisi wakaingia mitaani kuwakusanya. Wizara moja inarundika watu juu ya kilima kimoja. Wizara nyingine inawakamata kwa sababu kilima kimebaki kitupu. Tukiketi kurekebisha sheria za mazingira, tuzisome pamoja na hiyo ya wakimbizi. Hatufanyi hivyo. Kila rasimu inasomwa peke yake, na maofisa wake, ofisini kwake.

AFISA WA MISITU: Wakili, unanipeleka kwenye siasa ya wakimbizi ili nisahau miti. Chukua msitu wa Dzalanyama. Hakuna kambi kule. Ndiko unakoanzia Mto Lilongwe, na mabwawa ya Kamuzu yanayounywesha mji mkuu yanaujua mto huo tu. Dzalanyama imekatwa na raia, ikapikiwa na raia. Hali ikawa mbaya hadi wanajeshi wakapelekwa kuulinda msitu. Kwa hiyo unanisaidia: tatizo ni kubwa kuliko Dzaleka, na sheria kali iwe ya wote.

WAKILI WA LILONGWE: Na wanajeshi walipokwenda Dzalanyama, mkaa uliisha Lilongwe? Mkakati wa Taifa wa Mkaa, wa 2017 hadi 2027, wenyewe unakiri kwamba zaidi ya 97% ya kaya za nchi hii zinapikia kuni au mkaa. Sensa ya 2018 ilikuta karibu kaya moja tu kati ya kumi ina umeme. Taifa zima haliwezi kuwa mshtakiwa. Halafu tazama ni nani hasa anasimama mbele ya hakimu. Kanuni za kuzuia plastiki nyembamba zilitoka 2015. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani, shauri likavutwa mpaka Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaamua 2019 kwamba marufuku ni halali. Miaka minne. Mwenye kiwanda anaipeleka sheria mahakamani. Mwenye baiskeli anapelekwa yeye.

AFISA WA MISITU: Lakini usifiche palipofanikiwa. Sheria ya Wanyamapori iliporekebishwa 2017, kifungo kikafika miaka 30. Mwaka 2021 Lin Yunhua, kiongozi wa mtandao wa magendo ya nyara uliokuwa ukiendeshwa Lilongwe, akahukumiwa miaka 14. Sijawahi kusikia mtu akisema hukumu ile ilikuwa ya kuonea maskini. Kwa nini mti usipewe ulinzi uleule wa ndovu na kakakuona?

MKULIMA WA MPONELA: Kwa kuwa umemtaja ndovu, sikiliza. Julai 2022 tembo 263 walihamishwa kutoka Liwonde wakaletwa Hifadhi ya Kasungu, hapo kaskazini yetu, barabara ni ileile ya M1. Walipofika, baadhi walitoka hifadhini, wakaingia mashambani, wakaua watu, upande wetu na upande wa Zambia. Familia zimekuwa zikidai fidia tangu hapo. Mtu akimuua tembo, sheria inajua la kumfanya, mpaka miaka 30. Tembo akimuua mtu, unaambiwa pole. Kwa hiyo nikisikia sheria mpya ya bioanuwai inakuja, mimi nasikia hivi: kuna kiumbe kingine kitahesabiwa kabla yangu.

AFISA WA MISITU: Hapo sibishani nawe. Fidia iandikwe.

MKULIMA WA MPONELA: Iandikwe kwanza, halafu tuongee habari ya adhabu. Mpangilio huo tu ungenifanya nisome rasimu yenu.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Naomba na miye niseme habari ya hifadhi, maana nimezaliwa Rutshuru, mlangoni pa Virunga. Mwaka 1994 wakimbizi walipofurika upande wetu, Kibumba, Katale, Mugunga, waliingia hifadhini kila siku kutafuta kuni. Nilikuwa mtoto, ila niliona namna mlima unavyobaki uchi. Wakati ule wenyeji ni sisi, na wazazi wetu waliwaangalia wale watu kwa jicho hilihili ambalo mzee ananiangalia nalo. Siwezi kumwambia hasira yake ni ya bure. Lakini mjue lingine. Virunga ni hifadhi tangu 1925. Ina walinzi wenye bunduki, na zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Kongo ilitunga sheria ya kuhifadhi mazingira asilia 2014. Na makala ya Virunga yanauzwa Goma. Wale walinzi walikufa, watoto wao wakabaki yatima, na jioni mama zao walipikia makala yaleyale, kwa kuwa hakuna kingine kilicholetwa. Bwana Afisa, miye bunduki ya msituni naijua. Nakuuliza kitu kingine utakacholeta.

AFISA WA MISITU: Tanzania wameleta. Mwaka 2024 wametoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba kufikia 2034 watu 80 kati ya 100 wawe wameachana na kuni na mkaa, na taasisi kubwa zinazolisha watu wengi zimekatazwa kupikia kuni. Marufuku na gesi vimekwenda pamoja. Kwa nini sisi tushindwe?

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Mtungi wa gesi unalipiwa kwa mkupuo. Miye nanunua leo kwa hela ya leo. Wateja wangu wanakuja na sarafu za fungu moja, la kuivisha maharage ya usiku huu, basi. Atakayeniuzia gesi ya usiku mmoja kwa bei ya fungu moja, makala nitaacha kesho asubuhi. Hapa kambini tunatumia pia zile mbaula za udongo, chitetezo, zinapunguza kuni. Zinapunguza. Hazimalizi.

MWANDISHI: Naingilia. Tumekaa kwenye adhabu zaidi kuliko zinavyostahili, na kila upande umepata ushahidi wa kumnyamazisha mwenzake. Kuna swali ninaloliona kubwa zaidi, na ambalo rasimu za marekebisho hulipita haraka: mti ukipandwa leo pembezoni mwa Dzaleka, baada ya miaka saba ni wa nani?

AFISA WA MISITU: Ni wa mwenye haki juu ya ardhi, au wa kamati. Sheria ya 1997, ambayo mnaisema vibaya, ilifanya jambo kubwa hapo. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake juu ya ardhi ya kimila, kikachagua kamati ya maliasili, kikaweka sheria ndogo, kikavuna na kugawana. Kwa wakati wake ilikuwa ni sheria ya kuwaamini watu. Inahitaji kijiji tu.

WAKILI WA LILONGWE: Na Dzaleka si kijiji. Ardhi ni ya umma, hakuna mfumu anayetambuliwa na Sheria ya Machifu, na kwa jinsi vifungu vilivyoandikwa hakuna kamati ya msitu ambayo mkimbizi anaweza kuichagua au kuchaguliwa. Zaidi ya watu 50,000 wanatumia msitu kila jioni, na sheria haijawapa hata kiti kimoja cha kuusimamia. Inawaona wakiwa na shoka tu. Sasa soma Sheria ya Mazingira, ile ya 1996 na ile ya 2017 iliyochukua nafasi yake na kuleta mamlaka ya mazingira ya MEPA. Zinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na kila mtu ana wajibu wa kuyatunza. Hazikusema kila raia. Marekebisho ninayoyapigania mimi ni kwamba haki hiyo na wajibu huo vishuke mpaka kwenye Sheria ya Misitu: wanaoishi kando ya msitu, wawe na hadhi gani, waweze kuunda kamati ya pamoja na vijiji, wapewe eneo, wawajibike kwa eneo hilo. Na leseni ya mkaa endelevu isiwe ya wenye mashamba makubwa ya miti pekee, maana mpaka sasa ndio wanaoweza kutimiza masharti yake.

MKULIMA WA MPONELA: Nilijua tutafika hapa. Wakili, unampa kamati mtu ambaye keshokutwa anaweza kupandishwa ndege kwenda Kanada au Australia. Nenda Dowa yote, tafuta miti mikubwa ya asili iliyobaki. Utaikuta manda, makaburini. Hakuna askari pale wala kibao cha serikali. Hakati mtu, kwa kuwa babu yake amelala hapo, na kwa kuwa wazee wa Gule Wamkulu, ngoma yetu ya siri, wanajua nani ameingia na kwa shida gani. Msitu wa manda umedumu kuliko misitu yenu yote yenye namba kwenye gazeti la serikali, kwa sababu wanaoulinda ni watu wa kubaki. Ninyi ni wageni, amayi. Simtukani mtu. Naeleza hali.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Papa, wanaopanda ndege ni wachache. Wengine tumewazika hapa wakiwa bado wanangoja kuitwa. Nasi tuna makaburi Dzaleka. Watoto waliozaliwa kambini baada ya 1994 wamekua, wameoana, wamezaa. Wanasema Chichewa kama wewe, na mchezaji wa mpira wanayemshangilia ni yuleyule mnayemshangilia ninyi. Kama kubaki ndiyo sifa ya kukabidhiwa mti, ni miaka mingapi inatosha? Uitaje tu, nami niihesabu.

MKULIMA WA MPONELA: Si juu yangu kuitaja.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Lakini ni juu yako kuniambia haijatimia.

AFISA WA MISITU: Kabla hamjagombea, mjue mnagombea nini. Uganda wana Sheria ya Wakimbizi ya 2006, wakimbizi wanapewa viwanja na uhuru wa kutembea, na bado miti ya makazi kama Bidi Bidi ilikatwa sana. Kumpa mtu haki hakuoteshi kitu. Mkaratusi unakupa kuni baada ya miaka michache. Haukupi bowa wala masuku, na ndege wa miombo, misitu yetu ya asili, hawautaki. Ukipanda mikaratusi kilima kizima umeokoa chakula cha jioni, bioanuwai hujaiokoa. Haya ni mambo mawili, na wanasiasa huyachanganya wanapohesabu miche kila msimu wa kupanda. Miombo kwa kawaida hairudi kwa miche. Kisiki kikiachwa kinachipua chenyewe, na baada ya miaka kadhaa una mti tena. Kinachoua ni moto wa kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, na mtu anayechimba mpaka mizizi ili ajaze tanuri. Kilima cha visiki bado ni msitu, kama yupo wa kuzunguka kila siku na kuzima moto. Mimi watu hao sina. Nina eneo la kutisha na pikipiki isiyo na mafuta.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Vijana wasioruhusiwa kufanya kazi mjini wamejaa Dzaleka. Wanaamka asubuhi, wanakaa. Miguu ya kuzunguka kilima ipo.

AFISA WA MISITU: Na nani atawazunguka wao?

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Vijana wa mzee. Wawili wetu, wawili wao.

WAKILI WA LILONGWE: Hicho ndicho sheria inakikosa. Mikaratusi ipandwe karibu na kambi kwa ajili ya kuni, iwe na mwenyewe na ivunwe kwa leseni ndogo. Vilima vya visiki viachwe vichipue chini ya kamati ya pamoja. Haya yaandikwe kwenye sheria, yasiwe mradi wa wafadhili unaokufa bajeti ikiisha. Katiba ya 1994 inaitaka serikali ihifadhi na kukuza bioanuwai ya Malawi, lakini kifungu kinachofuata kinasema misingi hiyo ni mwongozo tu. Huwezi kwenda mahakamani na mwongozo ukarudi na kilima.

MKULIMA WA MPONELA: Mnakwenda mbio. Mimi nina swali moja ambalo hakuna aliyeligusa. Wakipanda, wakilinda, halafu siku moja serikali ikasema Dzaleka imefungwa, rudini kwenu. Miti itakuwa ya nani? Nisije nikashangaa imeuzwa kwa mtu wa Lilongwe kwa sababu ipo kwenye ardhi ya umma.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Andika ibaki kwa kijiji. Yote. Miye sitaupakia mti kwenye basi.

MKULIMA WA MPONELA: Na mkibaki?

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Tukibaki, tunapogoa matawi, hatugusi shina bila kamati. Na makala yatakayotoka kwa leseni, nusu yenu, nusu yetu.

WAKILI WA LILONGWE: Naandika. Lakini nimtahadharishe kila mmoja: karatasi hii haina pa kusainiwa. Misitu iko kwenye wizara ya maliasili, wakimbizi wako kwenye wizara ya usalama wa ndani, na ardhi ina wizara yake. Bila marekebisho ya Bunge ni makubaliano ya heshima.

AFISA WA MISITU: Na mimi siwezi kuweka sahihi. Nikisaini, nimetambua kamati ambayo sheria haijaitambua. Ukikatwa mti mmoja kesho, nitaulizwa kwa nini niliruhusu. Nileteeni sheria, nitakuwa wa kwanza kupanda kilima nanyi. Mpaka hapo, gunia nitakalolikuta barabarani nitalichukua, na nyote mnajua hivyo.

MWANDISHI: Hata gunia la mama huyu?

AFISA WA MISITU: Hata la mama huyu. Ndiyo kazi niliyoapa.

MKULIMA WA MPONELA: Basi tuache ya Bunge kwanza. Mfumu wetu anaweza kukubali kilima kimoja bila karatasi, msimu mmoja, kwa sharti: mwizi wa kwenu akikata usiku, mtamtaja ninyi wenyewe, kwa jina, mbele ya wazee.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Tutamtaja. Na wa kwenu?

MKULIMA WA MPONELA: Wa kwetu tunamjua.

MUUZA MAKALA WA DZALEKA: Kumjua mnamjua, Papa. Nimeuliza kama mtamtaja.